Ameyatoa Wapi? Kuielewa Ilhamu ya Waandishi Wanawake

Mwanamume akiandika riwaya ya mauaji, hakuna anayemuuliza amemuua nani. Mwanamke akiandika riwaya ya mke aliyeachwa, wasomaji wanaanza upelelezi: huyu mume wa kitabuni ni yule wa kwanza, au ni huyu wa sasa? Kwenye uzinduzi wa vitabu swali huja kwa adabu: "Dada, ilhamu umeipata wapi?" Mitandaoni huja bila salamu: "Anajisimulia huyu, tunamjua." Na wapo wa upande mwingine kabisa, wanaoamini kwamba mtunzi hushukiwa na kitu usiku wa manane, akaandika kama aliyepandisha maruhani, asubuhi kitabu kikawa tayari.

Pande zote mbili zimekosea, ingawa si kwa kiasi kimoja. Wanaosema "anajisimulia" wameshika kipande cha ukweli wakakifanya ukweli wote. Wanaosema habari za maruhani hawajapata kumwona mwandishi akifuta ukurasa kwa mara ya kumi.

Tuanze na maana. Ilhamu, kwa matumizi ya kila siku, ni kile kinachomwamsha mtu akatunga. Tatizo ni kwamba ndani ya neno hilo tunachanganya vitu vitatu tofauti. Kuna kisa, yaani jambo lenyewe, liwe limemtokea mwandishi, amelisikia au amelisoma. Kuna msukumo, yaani sababu ya kuliandika sasa, na mtu anayeandikiwa. Halafu kuna umbo: jambo hilo litasemwa kwa barua, kwa wasia, kwa utendi, kwa wimbo, kwa hadithi ya "paukwa, pakawa"?

Mtazame msusi wa mikeka. Ukindu upo porini, kila mtu anauona. Anaukata, anauanika, anauchana miyaa, anautia rangi, anasuka ukili, kisha anashona. Anasuka kwa sababu ana binti wa kuoza mwezi ujao, au ana deni dukani. Na ule mtindo wa kusuka hakuubuni yeye, alifunzwa na shangazi yake kwa kukaa naye ubavuni. Ukimuuliza ukindu ameutoa wapi atakujibu vizuri tu, lakini utaondoka hujajua mkeka umekujaje. Swali la "ilhamu umeipata wapi" mara nyingi ni la ukindu peke yake.

Fasihi yetu ina mfano mmoja ambapo vitu hivyo vitatu vinaonekana waziwazi, kwa sababu mtunzi mwenyewe alivieleza ndani ya utungo wake. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu kisiwani humo, aliyepambana kwa miaka na Seyyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mjane wake akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa beti 102 kwa ajili ya binti yao, Mwana Hashima. Mapema kabisa anasema:

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia.

Hapo hapahitaji mpiga ramli. Ameugua mwaka mzima, hana hakika ya kupona, na ana mtoto wa kike ambaye hajamwambia aliyotaka kumwambia. Anamwita asogee, akae, ashike wino na karatasi. Huo ndio msukumo, na una uso na jina. Kisa ni yale aliyoyaishi na kuyaona: ndoa, dini, adabu mbele za watu, jinsi ya kukaa katika nyumba ya mtu mkubwa. Lakini umbo ndilo linalonishangaza zaidi. Mizani ile ya utendi ilikuwa imezoea kubeba vita na habari za Mitume. Mwana Kupona akaipakia mambo ya ndani: kuoga na kujisinga, kufunga nywele, kutunga asmini na kuzitia kitandani. Alichukua chombo kilichokuwa kikipeleka majeshi, akapelekea maneno ya mama kwa binti.

Kuna ubeti mmoja kuhusu mume ambao wasomaji wanaugombania mpaka leo:

Mtunde kama kijana
asioyua kunena
kitu changalie sana
kitokacho na kungia.

Mtunze kama mtoto mchanga asiyejua kusema, uangalie kwa makini kinachotoka na kinachoingia. Wengine wanasikia hapo unyenyekevu mtupu, na wanamkasirikia Mwana Kupona kwa hilo. Wengine wanasikia mwanamke mwerevu anayemwambia binti yake nani hasa ataishika nyumba. Mimi nasikia kicheko kidogo nyuma ya ushungi, ila sitamlazimisha mtu. Ninachosema ni kwamba ukiishia kwenye kisa, yaani "mke wa mtawala aliandika habari za ndoa", kicheko hicho hukisikii kabisa.

Sasa vuka bahari uende Unguja. Seyyid Said, yule yule aliyepambana na Bwana Mataka, alikuwa na binti aliyezaliwa mwaka 1844, Sayyida Salme. Wasichana wa jumba la mfalme walifunzwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akaolewa na Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika nchi ambayo hata baridi yake ilikuwa ngeni kwake. Kumbukumbu zake, alizoziandika kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete, zilichapishwa mwaka 1886. Anaeleza katika dibaji kwamba alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, ambao wakati huo walijua kidogo sana kumhusu, zaidi ya kuwa mama yao ni Mwarabu wa Zanzibar. Alikuwa amechoka mwili na akili, na hakutarajia kuishi hadi awaone wamekua.

Mume wa mmoja na baba wa mwingine walikuwa maadui wa vita. Wanawake hawa wawili, mmoja kwenye pwani ya Waswahili na mwingine Ujerumani, walisukumwa na kitu kile kile: mwili umedhoofika, mtoto hajaambiwa. Visa vyao havifanani hata chembe, na maumbo hayafanani. Ndiyo maana nasema tuvitenganishe vitu hivi vitatu kabla hatujaanza kubishana.

Turudi kwa wapelelezi wetu, wale wa "anajisimulia". Mchukue Mariama Bâ wa Senegal, mwandishi wa riwaya ya mwaka 1979 ambayo Waswahili wengi wanaijua kama Barua Ndefu Kama Hii. Bâ alikuwa mwalimu, aliachana na mumewe, alikuwa na watoto tisa. Riwaya yake inamhusu mwalimu, mwanamke wa makamo, mwenye watoto wengi, ambaye mumewe alioa msichana mdogo. Mpelelezi anapiga makofi: si nilisema? Lakini Ramatoulaye wa kitabuni hakuachika. Alikataa kuondoka, na anapoandika ni mjane aliyekaa eda. Aliyeondoka kwa mumewe ni rafiki yake Aïssatou, anayeandikiwa barua. Bâ ameigawa hali moja ikawa wanawake wawili wenye maamuzi mawili, kisha akawaacha wazungumze. Mtu anayejisimulia tu hana haja ya kufanya kazi hiyo. Na umbo alilolichagua liko wazi kwa msomaji yeyote wa Lamu au Ujiji: eda ni miezi 4 na siku 10 za kukaa ndani. Ni muda wa kutosha wa kuandika barua ndefu, na pengine muda pekee ambao mke yule angeruhusiwa kukaa na mawazo yake bila kuulizwa chakula kimeiva saa ngapi.

Kwa Nawal El Saadawi wa Misri mambo yalikwenda kinyume. Yeye alikuwa daktari. Katika miaka ya 1970, akifanya utafiti juu ya wanawake na maradhi ya akili, alikutana katika gereza la Qanatir na mwanamke aliyehukumiwa kifo kwa kumuua mwanamume. Kutokana naye akaandika riwaya ambayo mhusika wake mkuu, Firdaus, anaeleza maisha yake akisubiri kunyongwa. Kisa si cha El Saadawi, alikisikia. Lakini mwaka 1981, serikali ya Rais Sadat ilipomkamata pamoja na wapinzani wengine, alifungwa katika gereza lile lile, na huko akaandika kwa penseli ya wanja juu ya karatasi za chooni. Alianza kwa kuyaandika maisha ya mwingine, na maisha ndiyo yakamfuata.

Kwa hiyo kisa hutoka popote. Toni Morrison wa Marekani alikikuta katika gazeti la kale. Alikuwa mhariri katika shirika la uchapishaji la New York, akishughulikia kitabu cha kumbukumbu za Wamarekani Weusi kilichotoka mwaka 1974, ndipo akaiona habari ya mwaka 1856 kuhusu Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka, na alipokaribia kukamatwa akamuua mtoto wake asirudishwe utumwani. Riwaya ya Beloved ilitoka mwaka 1987. Kati ya gazeti na kitabu ipo miaka 13. Tena Morrison hakutaka kuchimba zaidi maisha ya Garner, kwa sababu alitaka nafasi ya kumbuni mwanamke wake mwenyewe. Wapo waandishi wanaokuwa na kisa mkononi kwa muda wote huo wakingoja kujua watakisema vipi.

Sisi tulikuwa na gazeti la aina yetu, nalo liliimbwa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuanza kwa kuuza vyungu mjini Unguja huku akiimba kuita wateja, alirekodi sahani za santuri Bombay mwaka 1928. Miongoni mwa nyimbo zake zinazokumbukwa sana ni ule wa Kijiti. Mwanamume amemchukua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, wameingia maguguni, kilichorudi ni maiti. Mtu asiyejua angetarajia wimbo wa kumlaani muuaji basi. Wimbo unasogea mpaka mahakamani, kwa sababu Kijiti alikwishatoroka, na walioadhibiwa wakawa wanawake waliokwenda kutoa ushahidi, kwa jambo la pombe. Kisa ni mauaji, msukumo ni hukumu. Isitoshe, nyimbo hizo hazikutoka kichwani mwa mtu mmoja aliyejifungia: wapiga ala na washairi wake walikuwa wakikutana nyumbani kwake Ng'ambo usiku, habari za mji zikaletwa, mstari ukasemwa, ukarekebishwa, ukajaribiwa kwa sauti. Tunapozungumza habari za ilhamu huwa tunamfikiria mtu peke yake na taa yake. Siti alikuwa na baraza.

Kazi nayo hufundisha kuandika, na hapa ndipo nadhani wachambuzi wetu wanapita haraka mno. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo huko Nyanza mwaka 1930, hutajwa kila mara pamoja na hadithi za bibi yake. Ni kweli, alikulia katika masimulizi ya Waluo, na "The Rain Came", hadithi ya binti wa mtemi anayetolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe, inatoka huko. Lakini Ogot alikuwa pia muuguzi na mkunga, aliyesomea Uganda na Uingereza. Soma "The Old White Witch". Wauguzi wa hospitali ya misheni wanagoma, na mgomo wenyewe unatokana na nini? Na vyombo vya choo vya wagonjwa. Wanaambiwa wavibebe, na kwao ni mwiko mwanamke kubeba uchafu wa watu wazima wasio wake. Bibi hakumsimulia hilo. Hilo analijua mtu aliyesimama kwenye wodi, akashika chombo kile, akaona uso wa mwenzake anayekataa kukishika. Ukisoma tu "aliathiriwa na fasihi simulizi", wodi nzima inakupita.

Sasa umbo, ambalo ndilo sehemu ngumu na ndilo linalosahauliwa. Penina Muhando alizaliwa mwaka 1948 Berega, mkoani Morogoro, akasomea na kufundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamthilia zake za mwanzo miaka ya 1970, kama Hatia, zina umbo ambalo mtu aliyesoma tamthilia za shuleni analitambua mara moja: maonyesho, mazungumzo, pazia. Kufikia Nguzo Mama, mwaka 1982, jukwaa limebadilika. Kuna Bi Msimulizi anayezungumza na watazamaji, kuna nyimbo, na kuna wanawake wa kijiji wanaohangaika kuisimamisha nguzo ambayo kila wakiinyanyua kuna jambo linaloiangusha. Kisa, yaani mzigo wa mwanamke, kilikuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba Muhando alikuwa akitafuta namna ya kusema ambayo mtu wa kijijini angeiona ni yake. Miaka hiyo alijishughulisha pia na sanaa za maonyesho zinazobuniwa na wanakijiji wenyewe. Hapo ilhamu haikuwa "wazo" hata kidogo, ilikuwa hadhira. Aliwatazama watu aliotaka wamsikie, akauliza wao wanazungumzaje.

Hili linatusaidia na dhana nyingine, kwamba wanawake huandika "mambo ya kike" kwa kuwa ndiyo pekee wanayoyajua. Angalia tuliowataja: vita vya Siyu vipo nyuma ya utendi, mahakama ya kikoloni ipo ndani ya wimbo, utumwa, gereza, hospitali, mvua ya nchi nzima. Mambo makubwa yote yamo. Yameingilia mlango wa uani tu, na msomaji aliyekaa barazani akadhani hayakuingia.

Imebaki dhana ya utulivu, ile ya chumba chenye dirisha, kimya, na chai isiyopoa. Buchi Emecheta, Mnigeria, alimfuata mumewe London mwaka 1962. Alipofika umri wa miaka 22 alikuwa na watoto watano na ndoa iliyovunjika. Aliandika kitabu hivyo hivyo, na alipochapisha Second-Class Citizen mwaka 1974 alikitabaruku kwa watoto wake watano, akisema bila kelele zao tamu kitabu kisingeandikwa. Sitaki kuipamba hali hiyo. Umaskini haumfanyi mtu kuwa mwandishi, na kwa kila Emecheta wapo wengi ambao kelele ziliwashinda. Wanaosema uchungu ndio mama wa sanaa wangejaribu kwanza kuandika ukurasa mmoja na mtoto mwenye homa mapajani.

Lakini kuna jambo moja la Emecheta linalolifunua suala letu zima. Kabla ndoa haijavunjika alikuwa amemaliza mswada wa riwaya, The Bride Price. Mumewe aliuchoma moto. Kama kisa ndicho ilhamu, basi kazi ya kuandika upya ingekuwa kukumbuka tu, maana kisa kilikuwa kichwani bado: Aku-nna, msichana wa Kiigbo, anampenda kijana wa ukoo uliotokana na watumwa, jamii inakataa. Riwaya ilichapishwa mwaka 1976, na Emecheta alieleza baadaye kwamba haikuwa ile ile. Katika mswada ulioungua, wapenzi wale waliwapuuza watu wao wakaishi kwa raha. Katika kitabu tunachokisoma leo, mahari haikulipwa, na Aku-nna anafariki akijifungua.